Mkataba wa Buganda 1900: walipigwa au walipiga dili?

Kila ikitajwa ile mikataba ya ulinzi ambayo falme za huku kwetu zilisaini na Waingereza, mabishano yanakuwa yaleyale. Kuna wanaosema wazee walipigwa mchana kweupe, mtu hajui kusoma anawekewa karatasi mbele, anachora alama, nchi imeenda. Afu kuna wanaojibu kwamba hapana, wale watu walijua wanachofanya, walitaka bunduki na mtu wa kuwakingia kifua dhidi ya majirani. Mi nimekaa sana na huu wa Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, wa tarehe 10 Machi 1900, na kadri ninavouangalia naona pande zote mbili zinaizungumzia Buganda kana kwamba ni mtu mmoja. Waliosaini walikuwa wengine na waliolipa walikuwa wengine kabisa.

Tuanze na wa "walipigwa", maana hoja yao si nyepesi. Desemba 1890 Lugard anaingia Kampala kama mtu wa kampuni, Imperial British East Africa Company, ana bunduki ya Maxim iliyochakaa, na mwezi haujaisha Kabaka (yani mfalme) Mwanga kashasaini ulinzi wa miaka miwili kwa shingo upande. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wanapigana pale Mengo na Lugard anaweka silaha zake upande wa Waprotestanti, basi mshindi akajulikana. Kampuni ikaishiwa hela, 1893 akaja Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, na mkataba mwingine, 1894 Buganda ikatangazwa rasmi kuwa himaya ya Uingereza. 1897 Mwanga akachoka akaasi, akashindwa, mwisho wakampeleka Shelisheli na akafia huko mwaka 1903. Kwenye kiti wakamkalisha mwanae Daudi Chwa, ambaye siku mkataba wa 1900 unasainiwa alikuwa na miaka mitatu. Mitatu! Waliosaini kwa niaba yake ni wale wasimamizi wake, Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, pamoja na machifu wengine. Sasa mfalme mmoja yupo kifungoni kisiwani na mwingine hata meno ya utoto hajang'oa, halafu tuambiwe hapo kulikuwa na hiari ya pande mbili?

Lakini ukiishia hapo utakuwa umewadharau sana kina Kaggwa. Huyu alikuwa Katikkiro, yani waziri mkuu, anasoma na kuandika vizuri tu, na hakuwa mtu wa kuchorwa. Sir Harry Johnston, kamishna aliyetumwa na Uingereza, alifika mwishoni mwa 1899 akiwa na mawazo ya kuweka sehemu kubwa ya ardhi chini ya serikali na machifu wabaki na vipande, wao wakakataa, wakavutana naye miezi kadhaa, wamisionari wakiwasaidia kuelewa lugha ya karatasi, na mwisho wakatoka na kitu ambacho hakuna ufalme mwingine wa jirani uliokipata. Nchi ilikadiriwa maili za mraba 19,600. Kati ya hizo 8,000 zikaenda kwa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, Kabaka akatengewa 350, na serikali ya Uingereza ikachukua kama 9,000 za pori na ardhi isiyolimwa, na misitu 1,500 juu yake. Lukiiko, baraza lao, likatambuliwa kwenye maandishi. Na kuna kifungu nakipenda sana, kwamba ukiacha kodi ya kibanda na kodi ya bunduki, hamna kodi nyingine ya ndani itakayowekwa bila Kabaka kukubali, naye afuate kura za walio wengi barazani. Mtu aliyepigwa haweki kifungu kama hicho.

Na walikuwa na mfano jirani. Kabalega wa Bunyoro alipigana miaka mitano, akakamatwa 1899 pamoja na huyohuyo Mwanga, nchi yake ikahesabiwa imetekwa, na Bunyoro haikupata mkataba wake mpaka 1933. Tena vipande vya ardhi yake vikaingizwa kwenye saza (yani wilaya) 20 za Buganda, ndani ya huuhuu mkataba wa 1900. Ndo maana hata baada ya uhuru ikabidi watu wa Buyaga na Bugangaizi, baadhi ya vipande hivyo, wapige kura mwaka 1964 kurudi Bunyoro. Kwa hiyo tukisema "Waafrika walidhulumiwa na mkataba" tukumbuke kuna Waafrika waliodhulumu kwa mkataba huohuo.

Ila mi kinachonikera zaidi ni mkulima wa kawaida, mkopi. Zamani chifu alikuwa anashika ardhi kwa sababu ya cheo, cheo kikienda na ardhi inaenda, na mkopi akionewa alikuwa anafungasha anahamia kwa chifu mwingine, na huo uwezo wa kuhama ndo ulikuwa unawatia adabu wakubwa. Mkataba ukageuza ardhi kuwa mali ya mtu, ya kurithisha na kuuza, ile wanayoiita mailo. Ardhi za koo zenye makaburi ya mababu zikaandikwa majina ya wenye vyeo. Viongozi wa koo, bataka, wakaja kulalamika kwa nguvu miaka ya 1920, na Daudi Chwa mwenyewe ambaye sasa ni mtu mzima akawa upande wao, London ikasema haibadilishi kitu. Huku mkopi analipa kodi ya kibanda rupia 3 kwa mwaka kwa serikali, na pamba ilipoanza kuleta hela mwenye ardhi naye akataka fungu lake. Na cha ajabu (mtanisamehe wapinga ukoloni wenzangu) waliolibana Lukiiko mpaka likapitisha sheria ya 1927 ya kuweka kikomo kwenye busuulu na nvujjo, yani kodi ya ardhi na fungu la mazao ambavyo mkulima anampa mwenye ardhi, ni haohao Waingereza.

Halafu kuna suala la karatasi yenyewe kama ilikuwa na nguvu yoyote. Wamaasai wa Kenya walisaini 1904 wakaahidiwa ardhi kwa muda wote ambao Mmaasai atakuwepo duniani, haijafika miaka kumi wakahamishwa kutoka Laikipia, walipoenda mahakamani 1913 wakaambiwa nyie ni kama taifa la nje, huu ni mkataba wa dola na dola, mahakama haiwezi kuugusa. Yani wana mamlaka ya kutosha kusaini lakini hayatoshi kudai. Buganda ikawa tofauti. Mwaka 1953 Mutesa II, Kabaka wa wakati huo, aliposikia kuna mawazo ya shirikisho la Afrika Mashariki aligoma, akataka hata mambo ya Buganda yatolewe Wizara ya Makoloni yarudishwe Wizara ya Mambo ya Nje, gavana Andrew Cohen akamfukuza nchini tarehe 30 Novemba kwa kutumia kifungu cha 6 cha mkataba. Mwaka uliofuata mahakama ikasema serikali ilikosea kutumia kile kifungu. Ni kweli ikaongeza kwamba kuna kifungu kingine kingeweza kutumika, lakini kisiasa Waingereza walikuwa wameshaaibika. Nadhani tofauti na Wamaasai haikuwa ubora wa maandishi, ni kwamba Buganda ilikuwa na Lukiiko, wasomi, mawakili na wananchi waliokasirika kweli, na vingi katika hivyo vililindwa na mkataba wenyewe. Hapo wa "walipiga dili" wananishinda.

Mutesa akarudi Oktoba 1955, na akakutana na mkataba mwingine wa kusaini. Safari hii alikuwa mtu mzima anayejisainia mwenyewe, madaraka yake yakapunguzwa yakaenda kwa mawaziri, akawa mfalme wa kikatiba. Mailo haikuguswa.