Glasi iliponiponyoka: Kihispania tukisome kwa sarufi au kwa watu?

Mezani kwa mwenyeji wangu, Granada, Hispania, glasi ilinitoka mkononi ikavunjika. Nikaomba radhi kwa sentensi niliyoijua vizuri: "He roto el vaso", nimevunja glasi. Yule mama akatikisa kichwa. "No, hijo, se te ha caído", hapana, mwanangu, imekuponyoka. Sarufi yangu ilikuwa safi, ila nilikuwa nimejibebesha lawama kana kwamba niliivunja mwenyewe. Kihispania kina namna yake ya kusimulia ajali: glasi ndiyo inayoanguka, nami nimefikwa tu. Halafu nikakumbuka kwamba hata nyumbani tunasema "glasi imeniponyoka". Sentensi ile nilikuwa nayo tangu utotoni.

Wanaojifunza lugha hii wana ubishi wa siku nyingi. Kuna wanaosema achana na majedwali ya vitenzi, kaa na watu, shika misemo yao. Wana hoja nzito. Ukisikia "le dio calabazas", kamusi itakuambia kwamba mtu kapewa maboga, na sarufi itakubali. Maana yenyewe ni kwamba kapigwa kibuti. Huwezi kulijua hilo kwa kunyambua vitenzi.

Lakini misemo haisafiri vizuri. Hispania, "coger el autobús" ni kupanda basi tu. Meksiko na Ajentina kitenzi hichohicho ni tusi la chumbani. Aliyekariri mtaa wa Madrid peke yake ataaibika Buenos Aires. Sarufi, pamoja na tofauti zake za hapa na pale, itamfikisha Lima na hata Malabo, huko Guinea ya Ikweta.

Mimi naegemea sarufi, kwa sharti moja: isipitie Kiingereza. Wengi wetu tumefundishwa Kihispania kwa vitabu vya Kiingereza, na hapo ndipo tunapopotezewa muda. Mwingereza husema yeye "ni" mwenye njaa. Mhispania husema "tengo hambre", nina njaa. "Tengo sueño", nina usingizi. "Me duele la cabeza", kichwa kinaniuma. Vitabu hivyo hutumia kurasa nyingi kueleza kwa nini kuna vitenzi viwili vya "kuwa", "ser" na "estar", ilhali sisi hatuchanganyi "ni daktari" na "yuko sokoni". Hata lile umbo la kitenzi la kutaka na kutamani linalowatesa wanafunzi wengi, tunalo: anaongea, nataka aongee; kwao, habla, quiero que hable. Irabu ya mwisho inageuka vilevile, ingawa vitenzi vya kundi la "comer", kula, hugeuka kinyume, "come" ikawa "coma".

Ulinganisho huu una mipaka, na ni vibaya kuificha. Marehemu "está muerto", kwa "estar", na sherehe "es en mi casa", kwa "ser", ingawa inataja mahali. Ngeli zetu zimetuzoesha upatanisho, lakini hazitakuambia kwa nini mkono ni wa kike na tatizo ni la kiume: "la mano", "el problema". Hayo ni ya kukariri tu.

Kuna neno moja linalonifanya nione kwamba kambi hizi mbili zinagawanya kitu kimoja: "ojalá". Limetokana na Kiarabu, katika karne za utawala wa Waislamu kuanzia 711 hadi Granada ilipoanguka 1492, mwaka uleule mwanaisimu Nebrija alipochapisha sarufi yake ya Kikastilia, yaani Kihispania. Ndani yake limo jina la Mungu, kama katika inshallah yetu. "Ojalá llueva": inshallah mvua inyeshe. Tamaa, imani, historia na kitenzi kilichogeuzwa mwisho, vyote katika maneno mawili. Hata "hasta" yao ni ndugu ya "hata" yetu, ile ya "wakaenda hata wakafika".

Bado yapo ambayo sarufi haikunipa. Nimelelewa kwa shikamoo, kwa hiyo yule mama nilimwita "usted" wiki nzima, maana kitabu kiliniambia ndilo neno la heshima. Mwishowe akaniomba nimwite "tú", "wewe" ya watu wa karibu. "Usted" ilikuwa inamweka mbali nami. Bogotá nako, huko Kolombia, watu wa nyumba moja huweza kuitana "usted" kwa mapenzi kabisa. Yule mama aliniambia hayo baada ya chakula, katika soga waiitayo "sobremesa", sahani zikiwa bado hazijaondolewa.