Nguo ni sanaa, lakini aliyeitengeneza ni nani?

Mama yangu anashona kofia za mkono. Alianza kabla sijazaliwa, na mpaka leo, akishasali alasiri, hukaa barazani na kipande cha kitambaa cheupe mapajani. Mimi niko London mwaka wa kumi na nne sasa, na riziki yangu pia imo kwenye sindano: narekebisha nguo za watu, nafupisha mikono ya makoti, nabadilisha zipu, nakunja suruali. Basi nikisikia watu wanabishana kama mitindo ya nguo ni sanaa ya kweli au ni anasa tu ya wenye pesa, naona wanajadili mambo ya nyumbani kwetu.

Huku mjadala huo umeshajibiwa kwa vitendo. Mwaka 2015 jumba la makumbusho la V&A, pale South Kensington, liliweka maonyesho ya nguo za mbunifu wa mitindo wa Uingereza, Alexander McQueen. Watu walifurika hata wikendi mbili za mwisho milango ikaachwa wazi usiku kucha. Nilikwenda saa saba za usiku, nimetoka kazini, miguu inaniuma. Nikasimama mbele ya koti moja nikalitazama bega tu. Mkono wa koti ulivyoingia kwenye kwapa, hakuna hata kikunjo. Anayefanya kazi yangu anajua fundi alitoa jasho pale. McQueen alikuwa mtoto wa dereva wa teksi, akaacha shule ana umri wa miaka 16, akaenda kujifunza kazi kwa mafundi wa suti wa mtaa wa Savile Row. Alianza kama wanavyoanza vijana wetu, kwa kukaa chini ya fundi. Na watu wa kila rika walikuwa wamepanga foleni usiku ule, wanainamisha vichwa kusoma jina lake ukutani.

Miaka saba baadaye V&A hao hao wakaonyesha mitindo ya Afrika. Nikaona kazi za wabunifu Shade Thomas-Fahm wa Nigeria, Kofi Ansah wa Ghana, na Chris Seydou wa Mali, yule aliyechukua bogolani, kitambaa cha kutiwa rangi kwa udongo, akakifanya koti na sketi. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alisita kabisa kukikata kitambaa chenyewe, kwa sababu michoro yake ina maana kwa wenyewe. Hilo limenikaa moyoni, kwa kisa nitakachokisema.

Mwaka juzi niliingia kwenye duka moja la vitu vya nyumbani, la bei kali, nikakuta mito ya kiti imeshonwa kwa kanga. Kanga za kwetu. Aliyekata hakujua kwamba ile kanga inasema. Mto mmoja umekatwa katikati ya jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga, limebaki neno moja tu, tena limegeuzwa juu chini: HAUOZI. Wema umekwenda na mabaki kwenye pipa la taka. Nilisimama pale nimeushika ule mto kama mtu aliyeokota barua ya jirani iliyochanwa.

Maana sisi kanga tunaisoma. Ina pindo, ina mji, ile sehemu ya katikati, ina jina, na unanunua doti nzima, huuziwi kipande. Mwanamke akijifunga kanga fulani siku fulani mbele ya mtu fulani, ujumbe umefika na mdomo haujafunguliwa. Kisutu chekundu cha bi harusi hakuna anayehitaji kuelezwa. Na iko historia nzito zaidi. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki, kitambaa cha giza cha watumwa, waliiacha wakajitanda kanga za rangi. Hawakuandika risala kwa mtu. Walibadilisha nguo, na mji mzima ukaelewa kwamba hawa sasa ni watu huru. Anayesema nguo si jambo la kufikiriwa kwa uzito, namwomba awatazame wale wanawake kwanza.

Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam hakubali. Ananiambia, wewe umekaa Ulaya umeanza kukuza mambo; kofia ni kofia, huo ni ufundi, sanaa ni muziki na uchoraji. Lakini neno lenyewe linamkataa. Sanaa tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni kazi ya mkono, utengenezaji. Mgawanyo wa fundi huku na msanii kule tumeuchukua baadaye, tukauamini kuliko walioutunga, maana wao leo wanakesha kwenye foleni kutazama koti.

Hata hivyo naona shemeji kagusa kitu bila kukusudia. Alinitajia Tingatinga kama mfano wa sanaa. Na Tingatinga ni nini? Ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtindo mzima umebeba jina lake. Sasa nitajie mtu mmoja aliyechora kanga unayoipenda. Huwezi. Kanga maarufu kuliko zote za Mombasa zimechapwa pembeni "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Jina la mwenye mali lipo. Jina la aliyebuni ule mji, ile korosho, lile duara la katikati, halipo.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ya huku na kwetu. Heshima ya nguo tunayo, tena kwetu ni kubwa zaidi. Huku nguo ikishaitwa sanaa inafungiwa kwenye kioo na kibao cha usiguse. Kwetu mtu anaisugua kwa vidole, anainusa, anaiinua kwenye mwanga, halafu anaivaa akaenda nayo mazikoni. Sitaki tuwe kama wao katika hilo. Ila wao wanaandika jina. Si la kila mtu, ni kweli. Mara nyingi ni la mwenye nyumba ya mitindo, na wale waliodarizi wanabaki nyuma. Lakini wameanza, na jina lina bei. Kofia ya mama yangu inachukua miezi: kitambaa kinachorwa kwa penseli, vinatobolewa vishimo vidogo, kila kimoja kinazungushiwa uzi mpaka kiwe kijicho kisichofumuka. Dalali anaichukua kwa pesa ya kusikitisha, inauzwa mjini au inavuka bahari mpaka Muscat, na anayeivaa anasifiwa. Karibu yake kuna ya mashine, imeiga mchoro ule ule, kwa bei ya chai na maandazi. Mnunuzi ataachaje kuchukua ya mashine, ikiwa hakuna hata herufi moja inayomwambia hii nyingine ni mkono wa nani?

Nilimpigia mama simu nikamwambia kofia inayofuata atie jina lake kwa ndani, kwa uzi mweupe, padogo tu. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Jina la nani, mwanangu? La aliyechora, la aliyetoboa, au langu mimi niliyezungusha uzi? Na duara la juu si mimi niliyeshona." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda na akili ya kibao cha ukutani, jina moja, herufi kubwa.

Mwezi uliopita kofia ilinifikia kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja huku. Nilipoifungua, ndani yake palikuwa na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Mwandiko wa mama, majina manne ya wanawake wa mtaa mmoja, na mbele ya kila jina kazi aliyoifanya. Lake ameliandika la mwisho.