Nyuzi 16 za Northampton na nyuzi 16 za Chake Chake

Huku Northampton, England, mwongozo wa usalama kazini unasema ofisi ya watu wanaokaa kitako isipoe chini ya nyuzijoto 16. Ikipoa zaidi, watu wananung'unika, na mwenye ofisi anajua wana haki. Kwetu Pemba, kwenye steshenari na ofisi ndogo za Chake Chake, rimoti ya kiyoyozi inawekwa 16 hiyo hiyo kwa makusudi, na karani amevaa sweta. Nimefanya kazi pande zote mbili na kwa muda mrefu sikupata wa kunieleza sababu.

Najua yatakayosemwa: huyu keshakaa Ulaya, sasa anakuja kutusomesha mazingira. La. Ninavyoona mimi, ofisi ndogo ya huko kwetu haikuwa na dhambi kubwa kwa mazingira mpaka tulipotaka ifanane na ofisi tunazoziona kwenye televisheni.

Chukua jengo lenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, dari ya juu, ua wa kati unaovuta upepo. Ndani ya nyumba kama hiyo, hata mwezi wa Februari, pangaboi moja linatosha. Siku hizi mtu akijenga ofisi, Unguja au Pemba, anaweka bati, dari ya chini, na madirisha ya vioo vya alumini yasiyofunguka zaidi ya nusu, tena yanatazama magharibi. Jua la alasiri likiingia, chumba kinakuwa tanuri. Hapo kiyoyozi kinaonekana ni lazima, na kweli ni lazima, kwa sababu tumeshaufukuza upepo wa kusi.

Na umeme wenyewe unatoka mbali. Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba, na Pemba tulisubiri mpaka 2010 kuupata wa kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Waliokuwa Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima, wanakumbuka ofisi zipi ziliendelea na kazi bila ya jenereta: zile zenye madirisha ya kufunguka. Somo lile lilikuja bure na tukalisahau siku taa zilipowaka.

Sisemi viyoyozi ving'olewe. Kiweke 25, funga mlango, safisha filta kila mwezi, washa na pangaboi liusambaze ubaridi. Token za umeme zitakaa zaidi, na huo ndio mlango wa kuingilia kwa bosi yeyote ninayemjua. Ukimwambia habari za tabianchi anatikisa kichwa kwa heshima tu.

Huku nako wasikudanganye. Ofisini kwetu, na sisi hatufiki watu 10, kuna bango linalotukumbusha tufikirie kabla ya kuchapisha. Chini ya bango hilo kila asubuhi kuna vikombe vya kahawa vya kutupa, na katriji za wino zikiisha tunaagiza nyingine mpya, zimefungwa boksi ndani ya boksi. Nyumbani Pemba katriji anajaza fundi. Printa ikifa inafunguliwa, inatolewa vyuma, inafufua printa nyingine. Karatasi iliyoharibika inageuzwa upande wa pili, kisha inakwenda kufungia karanga. Hakuna aliyeyaita hayo uhifadhi wa mazingira, ni ukata tu na akili ya mafundi, lakini ofisi yetu ya huku haiufikii hata robo ule uangalifu.

Wanapotushinda ni mahali pamoja tu, napo pakubwa: huku taka ina mtu wa kuipokea. Tangu 31 Machi 2025, sehemu za kazi za England zenye wafanyakazi 10 na zaidi zinatakiwa kisheria kutenga mabaki ya chakula, na vitu vya kurejelezwa viwe mbali na taka nyingine. Sisi wadogo tumepewa mpaka 31 Machi 2027. Lakini sheria ingebaki karatasi kama gari lisingekuja kuchukua kila pipa kwa zamu yake. Kwetu mtu anaweza kupanga ndoo tatu za rangi tatu mlangoni, na jioni zote zikamwagwa jaa moja, au zikachomwa nyuma ya ofisi moshi ukaingia skuli ya jirani. Ndiyo maana sipendi kuona ofisi ya watu wanne inahimizwa kununua ndoo za rangi. Anayepaswa kuanza hapo ni baraza la mji.

Cha ofisi ni kutoizalisha taka. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, bara wakafuata 2019, na watu wakarudi kwenye vikapu bila ya dunia kusimama. Sasa tazama mkutano wowote wa ofisi: kila mtu na kichupa chake cha maji, nusu kinanywewa, nusu kinaachwa mezani. Huku tunakinga bombani, basi. Kwetu bomba si la kunywea moja kwa moja, lakini dumu la lita 20 na bilauri za kuosha lipo kila mtaa. Na chai ya saa nne ije na birika na sahani. Maandazi hayana haja ya boksi la foili.

Binamu yangu mwenye steshenari nilipomwambia yote haya alikubali dumu, akakubali birika. Kiyoyozi akakataa. "Yakhe, mteja akiingia asisikie baridi anajua biashara imelala." Sijapata jibu la kumpa. Nimemwomba aweke 22 kwanza, na mapatano yetu yamesimama hapo.