Kuuziwa beberu ndani ya gunia

Mfugaji wa mbuzi wa maziwa pembezoni mwa Nairobi, tuseme Dagoretti, akienda kununua beberu wa aina ya Toggenburg huuliza mambo mawili: mama yake alikamuliwa lita ngapi, na bei inapungua hadi wapi. Sasa wapo wanaotaka aulize na la tatu: vinasaba (jeni) vyake vimepimwa?

Hoja yao ina msingi. Kule Tennessee, Marekani, kuna mbuzi ambao wakishtuka hukakamaa miguu na kuanguka kama gogo, macho wazi. Watu husema wamezimia, hawajazimia. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kuwa kasoro iko kwenye jeni ya CLCN1, inayotengeneza njia ya kupitishia kloridi kwenye misuli. Njia ikiharibika, msuli uliokaza hauachii upesi. (Wapo wanaowafuga makusudi kwa kuwa wana minofu minene. Wachinjaji wa Kiamaiko wangeipenda nyama. Mchungaji wa kuwafikisha huko simwonei wivu.)

Hao angalau unawaona. Ninayemwogopa ni mbeba ugonjwa aliyejificha. Mbuzi wa aina ya Nubian wana ugonjwa wa kurithi uitwao G6S, ambao si wa misuli hasa lakini hudumaza na kudhoofisha. Kila mbuzi ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama, na beberu mwenye moja tu iliyo mbovu hung'aa afya. Akimpanda jike mwenye nakala kama hiyo, kila mwana ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mgonjwa. Na beberu wetu mmoja huazimwa mtaa mzima. Hapo jicho la mzoefu halifui dafu.

Lakini kipimo hujibu swali uliloliuliza tu. Mwanambuzi anayeshindwa kusimama huenda amekosa madini ya seleniamu na vitamini E, na anayemfaa ni daktari wa mifugo mwenye sindano, tena mapema, si maabara ya jeni. Wala majibu safi hayatakuambia kwamba beberu amewapanda binti zake. Daftari litakuambia, na wengi wetu hatuna.

Kwa hiyo mwenye majike matatu simtumi maabara. Wauzaji wa mabeberu na wa mbegu zao ndio wapime, kwa pesa zao, na cheti kiambatane na mnyama. Akipatikana beberu mwenye nakala moja mbovu lakini wa ukoo wa maziwa mengi, asikimbizwe kichinjioni: apandishwe kwa majike waliopimwa wakawa safi. Ila wanaonunua watoto wake waambiwe.