Mwekezaji wa Maji Aanzie Mtaani, si Bwawani

Tangu serikali ya Rais William Ruto itangaze kwamba inakusudia kujenga mabwawa 100 kwa kutegemea kwa kiasi kikubwa mitaji ya watu binafsi, mazungumzo ya biashara ya maji huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, yamekuwa ni ya mwekezaji: atakuja lini, atalipwaje, na bili itafika wapi akishakuja. Utaratibu wenyewe unaelezeka kwa urahisi. Mwekezaji anatafuta mkopo, anajenga bwawa na mtambo wa kusafisha maji, kisha kampuni ya maji ya kaunti inayanunua maji hayo kwa jumla chini ya mkataba wa miaka mingi na kuyauza rejareja kwa wateja wake. Sheria ya Ubia kati ya Serikali na Sekta Binafsi ya mwaka 2021 iliweka msingi wa mikataba ya namna hiyo, na wapo wataalamu wenye nia njema wanaoamini kwamba hakuna njia nyingine iliyobaki. Mimi naamini mtaji wa binafsi unahitajika sana katika miji yetu, ila unaelekezwa mahali ambapo utamwumiza mteja kabla haujamfaa.

Hoja ya wanaoutaka utaratibu huu ina uzito, na Nakuru ndiyo inayoupa uzito huo zaidi ya mji mwingine wowote wa ukanda huu. Mji huo, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, hunywa sehemu kubwa ya maji yake kutoka visimani, na maji ya visima vya Bonde la Ufa yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa kila lita, na visima vingi katika bonde hili huvuka kikomo hicho. Meno ya kahawia ya vijana waliokulia Nakuru na Njoro yanaonyesha hivyo bila kuhitaji maabara. Isitoshe, kisima kirefu huendeshwa na pampu, pampu hula umeme, na bili ya umeme huilemea kampuni ya maji mwezi baada ya mwezi hata mvua ikinyesha vipi.

Dawa iliyotarajiwa ilikuwa Bwawa la Itare, huko Kuresoi, ambalo lingeleta takriban mita za ujazo 100,000 za maji kila siku kwa wakazi wa Nakuru, Njoro, Molo na Rongai. Mradi huo wa zaidi ya shilingi bilioni 30 ulifadhiliwa kwa mikopo ya benki za kigeni iliyobebwa na serikali, na ujenzi ukakabidhiwa kampuni ya Kiitaliano ya CMC di Ravenna. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliishiwa na fedha kwao Italia ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na kazi ya Itare ikasimama. Hapa watetezi wa ubia huuliza swali ambalo halifai kupuuzwa: kama mjenzi angekuwa ameweka mtaji wake mwenyewe, akijua kwamba hatalipwa hata senti moja mpaka maji yatoke bombani, je, hasara ingemwangukia mlipa kodi?

Wana pia mfano wa jirani wa kuutaja. Rwanda iliingia mkataba wa miaka 27 na kampuni binafsi ya Metito, mtambo ukajengwa Kanzenze, na tangu 2021 jiji la Kigali na wilaya jirani ya Bugesera zimekuwa zikipokea kutoka hapo hadi mita za ujazo 40,000 kwa siku. Mtambo upo na maji yanatoka. Kwa mkazi wa Nakuru ambaye amesikia habari za Itare kwa miaka yote hii bila kuona tone, mfano huo hauwezi kudharauliwa.

Tatizo linaanza pale maji yanapoondoka mtamboni. Takwimu za bodi ya kudhibiti huduma za maji, WASREB, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba karibu asilimia 45 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaleti mapato. Mengine huvuja kwenye mabomba yaliyochakaa, mengine huibwa kwa mabomba yanayounganishwa usiku kwa siri, na mengine hupita kwenye mita zilizokufa ambazo msomaji wa mita huzikadiria tu. Sasa tuweke hesabu mezani. Tuseme mwekezaji anaiuzia kampuni ya kaunti mita moja ya ujazo kwa shilingi 50. Ikiwa kampuni hiyo inafanikiwa kuuza asilimia 55 tu ya maji iliyonunua, basi kila mita ya ujazo iliyofika kwa mteja na kulipiwa imeigharimu karibu shilingi 91, kabla ya mshahara wa fundi, dawa za maabara na mafuta ya gari. Ikipunguza upotevu hadi asilimia 25, gharama hiyohiyo inashuka hadi kama shilingi 67. Tofauti ya shilingi 24 haitokani na bwawa. Inatokana na bomba la inchi mbili linalovuja chini ya barabara ya mtaa na ambalo hakuna aliyelifukua.

Leo maji yanayovuja ni hasara, lakini ni maji ambayo kampuni imeyatoa mtoni au ziwani kwa gharama yake yenyewe. Siku yatakapokuwa yamenunuliwa kwa mwekezaji, kila lita inayopotea itakuwa na ankara nyuma yake. Na mikataba ya aina hii kwa kawaida humlinda mwekezaji kwa sharti la kulipwa kiasi fulani cha maji kila mwezi, yawe yametumika au la, kwa sababu benki haitatoa mkopo bila uhakika huo. Wakenya tunalijua sharti la namna hiyo kupitia umeme. Kenya Power ilifungwa na mikataba ya kulipia uwezo wa mitambo hata pale umeme wake haukuhitajika, malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 2021 kikosi kazi cha rais kiliundwa kuipitia upya. Kampuni ya maji ya kaunti ni ndogo mno ikilinganishwa na Kenya Power. Ikishindwa kulipa, itakimbilia serikali ya kaunti, na kaunti itakimbilia Hazina Kuu.

Kuna pia jambo la sarafu, ambalo katika mikutano ya hadhara hutajwa kwa haraka au halitajwi kabisa. Mteja wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, hulipa kwa shilingi, ilhali mkopo wa bwawa mara nyingi huwa wa dola au yuro. Mapema mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilipita 160, kisha ikarudi hadi karibu 130 mwaka huohuo. Mkataba unaombebesha mnunuzi mabadiliko hayo ungeipandisha bei ya jumla kwa zaidi ya thuluthi moja ndani ya miaka miwili, na bodi ya udhibiti ingebaki na uamuzi mchungu: kupandisha bei kwa mwananchi au kuiacha kampuni ifilisike.

Kisumu inalitazama suala hili kutoka upande mwingine, na nadhani ndiko kwenye somo lenye manufaa zaidi. Mji huo haukosi chanzo cha maji. Ziwa liko mlangoni, mtambo wa Dunga husukuma maji kwa pampu kutoka ziwani, na ule wa Kajulu huyapokea kutoka Mto Kibos na kuyateremsha mjini kwa mteremko wa ardhi wenyewe, jambo linalookoa umeme mwingi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mtu angeweza kuishi mtaa wa Nyalenda, karibu na Dunga, akanunua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, mita hiyo ya ujazo ni shilingi 250. Maji yakiadimika mtungi ukafika shilingi 20, ni shilingi 1,000. Maskini wa mtaani ndiye mteja anayelipa bei ya juu kuliko wote, na fedha zake haziingii kwenye hesabu za kampuni.

Kwa hiyo soko lipo, na watu wanaolipa wapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, ilianzisha Nyalenda utaratibu ambao bado unastahili kusomwa na kila mwenye mtaji. Kampuni inalaza bomba kubwa hadi ukingoni mwa mtaa na kuweka hapo chemba yenye mita kuu. Mwendeshaji, ambaye ni kundi au mfanyabiashara wa hapohapo, ananunua maji kwa jumla kupitia mita hiyo, kisha anayasambaza kwa mabomba madogo hadi kwenye ploti na vioski, anasoma mita za wateja wake, anakusanya fedha na kuziba mivujo. Ukifunua kifuniko cha chemba hiyo unaona biashara nzima: mita kuu moja, valvu, na safu ya mita ndogo za wateja, kila moja na bomba lake jembamba linaloelekea nyumbani kwa mtu. Kinachopotea baada ya mita kuu ni hasara ya mwendeshaji, naye anaishi mtaani na anajua ni nani aliyekata bomba usiku. Utaratibu huo una kasoro zake. Wapo waendeshaji waliolimbikiza madeni kwa kampuni, na wapo wanaojiongezea bei pasipo mtu wa kuwauliza. Lakini mtaji wake ni mdogo, ni wa shilingi, na ukiharibika hauangushi kaunti nzima.

Ngazi moja juu ya hapo iko kazi ya kupunguza upotevu kwa mkataba wa matokeo, ambapo mwekezaji anabadilisha mabomba na mita, kisha analipwa kutokana na maji yaliyookolewa na kupimwa. Ipo pia mikopo ya benki za humu nchini kwa kampuni za maji, ambayo sehemu yake hurejeshwa kwa ruzuku baada ya kuthibitishwa kwamba wateja wapya wa kipato cha chini wameunganishwa kweli. Hazina ya Maji, mfuko wa serikali wa kugharamia miradi ya maji, imewahi kusimamia mpango wa namna hiyo. Kazi hizi hazina sherehe ya kukata utepe, na labda ndiyo sababu hazitajwi sana majukwaani.

Mita za kulipia kabla zinastahili tahadhari zaidi. Kwa kampuni ni neema: fedha huingia kwa simu kabla ya maji kutoka, na deni halikui. Nakuru ilizijaribu mapema, ikawa miongoni mwa miji minane ya Afrika iliyochunguzwa na Benki ya Dunia katika utafiti uliochapishwa 2014. Wapangaji wengi huzipenda kwa sababu zinawaondoa mikononi mwa mwenye nyumba anayegawa bili kwa makadirio. Lakini mita ikiisha fedha, maji hukatika bila kuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Afrika Kusini iliyaona hayo KwaZulu-Natal mwaka 2000, pale baadhi ya familia zilizoshindwa kulipia maji ziliporudi mitoni na kipindupindu kikaenea hadi kuzidi wagonjwa 100,000. Hata hivyo mahakama ya katiba ya nchi hiyo iliziruhusu mita hizo Johannesburg mwaka 2009. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Nakubali mita hizi ziwekwe, mradi kiasi cha msingi kwa kila nyumba kitoke kwa bei nafuu hata tokeni ikiwa imekwisha.

Watetezi wa mabwawa watanijibu kwamba kuziba mivujo hakuongezi maji kwenye mji unaokua, na kwa Nakuru jibu hilo ni sahihi. Mivujo ikizibwa yote, floraidi itabaki kisimani na wakazi wataendelea kuongezeka. Ndiyo maana sisemi Itare iachwe. Nasema ikamilishwe kwa fedha za umma zenye riba nafuu, kwa sababu bwawa ni mali ya karne, na baada ya kukubaliana na watu wa Kericho na Bomet, ambao wamelipinga kwa sababu mto utakaolijaza ni wa bonde la Sondu na huishia Ziwa Victoria kwa kupitia kwao. Mwekezaji binafsi hawezi kuumaliza mgogoro wa mto kati ya kaunti. Atauweka tu kwenye bei kama hatari nyingine ya kufidiwa.

Iwapo serikali itasisitiza kumleta mwekezaji bwawani, mabunge ya kaunti yana nafasi ya kudai masharti kabla ya kutia sahihi: kiasi cha maji kinacholazimika kununuliwa kianze kidogo na kiongezeke kadiri upotevu unavyoshuka, bei ihesabiwe kwa shilingi, na mkataba wote uchapishwe pamoja na majedwali yake ya malipo. Kwa Kisumu, iliyo na ziwa, sioni sababu ya kuufikiria mkataba wa kununua maji kwa jumla kabla ya mabomba ya Manyatta, Obunga na Nyalenda kubadilishwa.