Nikiingia tu, stori zinakatika

Jamani leo na mimi mnisikilize. Hivi kuna mwingine hapa ambaye akiingia chumba cha mapumziko kazini stori zinakatika ghafla, mmoja anashika simu, mwingine anakagua dari kama fundi, halafu wote kwa pamoja wanakumbuka wana kazi? Kazi ambayo tangu asubuhi hakuna aliyeikumbuka! Basi huyo mtu ni mimi. Jina langu la ofisini ni Mnoko. Wanadhani silijui. Nalijua, na aliyelianzisha namjua, nimemkaushia tu.

Na unoko wenyewe sasa uko wapi? Kikao kikipangwa saa tatu, saa tatu nimekaa. Mtu akinambia "nisainie hapo kwamba jana nilikuja", namjibu "jana hukuja". Ndo hivyo tu. Sijamsemea mtu kwa bosi, sijapika majungu, sijamfokea hata yule anayechapisha makaratasi yake binafsi asubuhi nzima wino unaisha, nimekataa tu kusaini uongo nikapewa cheo.

Halafu kuna kipenzi cha watu, tumuite Hamnashida maana ndo neno lake. Ukimuomba chochote, hamna shida, niachie mimi. Huyu anajua siku ya kuzaliwa ya kila mtu mpaka mlinzi, anajua kila mtu anashabikia timu gani, na timu yake yeye inategemea saa hizo anaongea na nani. Korido moja inamchukua nusu saa kuimaliza maana kila meza lazima agonge tano, acheke, aulize watoto hawajambo. Mimi nikipita kwenye korido hiyohiyo nasikia watu wanafunga kurasa kwenye kompyuta, kli kli kli. Na simsemi vibaya, mimi mwenyewe nikikaa naye nacheka mbavu zinauma, jamaa ana stori bwana. Ila ile kazi uliyomwachia, weee.

Ofisini kwetu kuna grupu la WhatsApp na kuna grupu lenyewe. Mimi niko kwenye lile la "habari za asubuhi, kikao kimesogezwa mbele". Kwamba kuna lingine nilijua siku mtu alipokosea akarusha stika kwetu, sura yangu kabisa, nimekunja uso, chini imeandikwa RISITI IKO WAPI. Akaifuta chapchap, ikabaki ile "ujumbe huu umefutwa". Na picha nilitoka vizuri, sema sikuwa na wa kumwambia.

Sasa njoo Ijumaa jioni, mabegi yako mabegani, ripoti ya mwezi inatakiwa juu kabla watu hawajatoka na jumla ya mwisho haikubaliani na majedwali. Ripoti ya nani? Ya Hamnashida. Yuko wapi? Simu haipatikani, kaingia mitini. Ndo utaona sasa watu wanajipanga mlangoni kwangu na adabu zao, mikono nyuma, "mkuu samahani, una dakika mbili?" Mkuu! Asubuhi nilikuwa Mnoko, saa kumi na moja nimeshakuwa mkuu, sijui nimepandishwa na nani. Nikafungua faili tukashuka mstari kwa mstari, kumbe fomula ya kujumlisha imeishia mstari wa 40 na data inaenda mpaka 52, mtu aliongeza mistari hakuivuta fomula chini. Nikaivuta, hesabu ikakaa. Wakashukuru kwelikweli, wakabeba mabegi, nawasikia kwenye korido "basi tukutane palepale". Palepale wapi? Mimi nitajuaje, si niko grupu la habari za asubuhi.

Vikao navyo ndo usiseme. Bosi anakuja na tarehe ya kumaliza kazi ambayo hata tukilala ofisini haiwezekani, anauliza "tuko pamoja?", ukumbi mzima vichwa vinatikisika. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Solomon Asch, Marekani huko miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mstari mmoja akawaambia watafute unaolingana nao kati ya mitatu, kitu ambacho hata mtoto anaona, ila wengine wote chumbani alishawapanga wajibu uongo. Karibu robo tatu ya waliopimwa walifuata mkumbo angalau mara moja na macho wanayo. Na hapo ilikuwa mistari tu kwenye kadi, hakuna mshahara wala tathmini ya mwisho wa mwaka, sasa sisi tutapona? Nikanyoosha mkono nikasema mkuu tarehe hii haitoshi, tukiondoa hiki na kile itawezekana. Kimya. Kikao kimeisha ndo wananifuata mmojammoja kwenye ngazi, wananong'ona, "kaka leo umeongea". Sasa mdomo wako ulikuwa wapi muda ule? Na kwa nini unaninong'oneza kama tumeiba?

Ila msinichanganye na wale wanaoogopwa. Tulishakuwa na mkubwa mmoja akikohoa tu watu wanasimama, siku alipohamishwa kadi ya kumuaga ilizunguka wiki nzima ikarudi na saini mbili. Mimi hakuna anayeniogopa, wananikwepa tu, na wakikwama wananitafuta, sasa hiyo kama ndo heshima basi ina ratiba ngumu. Haina likes, haina kugongwa tano, inakuja Ijumaa jioni umeshavaa koti.

Ushahidi wa mwisho ni huu. Tukaanzisha mfuko wa wafanyakazi, kusaidiana kwenye shida na raha. Uchaguzi wa mwenyekiti hata kura hatukupiga, Hamnashida kapita kwa makofi na vigelegele, watu wamesimama. Ikafika nafasi ya mweka hazina. Pesa zikae na nani? Ukumbi ukapoa. Yeye mwenyewe akapendekeza rafiki yake, rafiki wa chanda na pete, watu wakacheka wakidhani ni utani. Halafu nikaona vichwa vinageuka polepole upande wangu, wote, mpaka yule wa stika. Mtu hutaki nijue palepale ni wapi lakini unataka nikushikie hela zako!

Nimezishika. Daftari lipo, kila kitu kimeandikwa. Juzi mwenyekiti kaja anacheka, kanigonga tano mara ya kwanza tangu tufahamiane, anataka aongezewe hela za maandalizi ya sherehe. Nikamwambia sawa mwenyekiti, lete kwanza risiti za zile za mwanzo. Akasema hamna shida. Mpaka leo nasikia tu kicheko chake kwenye korido ya pili, huku kwangu hapiti tena.