Nilitumwa bata bukini, nikaenda Bukini

Kikaratasi kilikuwa na neno moja na hesabu moja: "Montepulciano, 5 × 6." Yaani katoni 5 za mvinyo, za chupa sita sita, jumla chupa 30. Signora, mama mwenye mkahawa ninakofanya kazi Roma, alikibandika kwenye usukani wa gari la mizigo, akanipa euro 200 taslimu, akaniambia nitoke saa kumi na mbili asubuhi kwa kuwa ni mwendo wa saa mbili, na nisirudi bila risiti. Dereva wa siku zote alikuwa amelala chali kwake, mgongo umemkwama tangu alipobeba friji peke yake kuwaonyesha wasichana wa jikoni.

Kesho yake mkahawani tulikuwa na ubatizo wa watu 40, familia ya Waabruzzo, watu wa Abruzzo, mashariki ya Roma, waliohamia mjini. Mimi nilishapangiwa arrosticini, kazi ambayo kwa mtoto wa Malindi ni likizo. Ni mishikaki midogo ya nyama ya kondoo, vipande vya kama sentimita moja, na jiko lake ni refu na jembamba kama mfereji wa bati, ili moto uipate nyama na kijiti kibaki nje. Hawatii kitunguu saumu, tangawizi wala ndimu. Ni chumvi tu, nayo hunyunyizwa nyama ikishaiva, maana ukiitia mapema inavuta maji na nyama inakuwa kiatu. Mara ya kwanza nilipowaona wakila hivyo niliwahurumia. Siku hizi nakula 20 bila kuhesabu.

Mvinyo wenyewe siugusi. Hilo mlikumbuke, kwa sababu mwenye kuonja angejua kosa saa nane mapema.

Nikaandika Montepulciano kwenye simu. Simu ikanionyesha mji wa jina hilo hilo, Toskana, mkoa wa Siena, kilomita 180 hivi. Saa mbili! Kila kitu kikaingiana kama kifuniko na sufuria. Nikashika barabara ya A1 kwenda kaskazini. Jua lilipochomoza likanipiga shavu la kulia, na nikaliona ni jua zuri. Laiti ningekuwa naelekea nilikotumwa, lingenichoma machoni.

Nikatokea Chiusi, nikapanda vilima. Mji umekaa juu ya mgongo wa mlima, mita 600 hivi, na gari la mgeni halina ruhusa ya kuingia ndani. Niliegesha bondeni nikapanda kwa miguu, nasukuma toroli la katoni. Hiyo ndiyo njia ambayo kila Jumapili ya mwisho ya Agosti vijana wa mitaa minane hushindana kusukuma mapipa ya kilo 80 mpaka Piazza Grande. Mimi toroli tupu lilitosha kunitoa ulimi.

Maghala ya mvinyo pale yamechimbwa ndani ya mwamba, chini ya nyumba za watu. Unashuka ngazi, joto linabaki juu, unakutana na ubaridi na harufu ya mbao zilizolowa, na mapipa makubwa kama matangi ya maji ya hoteli. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa nyuma ya meza.

"Nataka Montepulciano," nikamwambia.

"Umeshafika, mwanangu. Hapa ndipo."

"Najua. Nataka chupa 30 za Montepulciano."

"Nobile au Rosso?"

"Montepulciano."

"Yote miwili ni ya Montepulciano."

"Basi nipe ule wa zabibu za Montepulciano."

Akavua miwani. "Hapa zabibu yetu ni Prugnolo Gentile."

"Prugnolo sitaki, mama. Nataka Montepulciano."

Akanyamaza kidogo. Kisha, kwa upole wa mtu anayemwongoza kipofu barabarani, akauliza: "Huenda unatafuta ule wa Abruzzo?"

Hapo mlango wa kuokoka ulikuwa wazi kabisa, na mimi nikaufunga kwa mikono yangu miwili. Kiitaliano changu nilijifunzia ufukweni Malindi, nikiwauzia Waitaliano vinyago na safari za mashua. Muuzaji anayekwambia "labda unatafuta cha jirani yangu" mimi namjua: anakupima mfuko. Nikakaza uso. "Nimetumwa Montepulciano. Abruzzo sikutumwa."

"Haya," akasema, akavaa miwani. "Nobile ni euro 16 chupa. Rosso 9."

Nikaanza na 5. Akacheka mpaka mwenzake akachungulia kutoka nyuma ya pipa. Nikapanda 6, kwa sababu hiyo ndiyo bei niliyoikuta kwenye risiti za zamani ndani ya gari. Akanieleza bila hasira kwamba Nobile hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kukaa miaka 2, na miaka hiyo huhesabiwa kuanzia Januari 1 baada ya mavuno, huku si chini ya miezi 12 ukiwa kwenye mbao. Rosso ni mdogo wake, hutoka mapema, hauna makuu. Mimi nikafikiria: siku ya ubatizo wa mtoto wa watu utapelekaje mdogo mtu? Nikachukua Nobile, chupa 12, euro 192. Punguzo sikupata. Nilipewa kizibuo cha bure.

Euro 8 zilizobaki hazikutosha ushuru wa barabara kuu pamoja na sambusa ya Kiitaliano niliyokwisha kula, kwa hiyo nikarudi kwa Cassia, njia iliyoanzishwa na Warumi wa kale na ambayo hailipiwi. Inapita Bolsena, ziwa zuri ajabu, inapita Viterbo, na inapita nyuma ya kila trekta la Italia ya kati. Saa nne na ushee. Njia nzima nilikuwa nikijipongeza, maana shingoni mwa kila chupa kulikuwa na ukanda wa karatasi ya serikali wenye namba yake, kama noti. Nikasema leo Signora atanijua mimi ni nani.

Akanijua. Alitoka na taulo begani, akahesabu katoni kwa kidole.

"Zingine?"

"Imeishia hapo, Signora. Bei imepanda."

Akainua chupa moja, akaisoma. Lebo ilikuwa na neno Toscana ambalo hata aliyelala angeliona. Siku hizi kanuni zinalazimisha liandikwe, na nina hakika ni kwa ajili ya watu wa aina yangu. Signora hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliketi juu ya kreti la nyanya, akavuta karatasi ya kutandikia meza, akaandika jina moja chini ya lingine:

Vino Nobile di Montepulciano
Montepulciano d'Abruzzo

Akapigia mstari "di" ya juu na "d" ya chini mpaka karatasi ikatoboka. "Mwanangu. Kinachofuata hapa ndiko gari linakoelekea."

Wallahi, Kiswahili chenyewe kingeniokoa. Hiyo "di" ni "ya" yetu tu. Machungwa ya Muheza: chungwa ndilo tunda, Muheza ndiko linakotoka. Juu, mvinyo ni "Nobile" wa mji wa Montepulciano, na zabibu yake walau asilimia 70 ni Sangiovese, ambayo wenyeji wameibatiza Prugnolo Gentile. Chini, Montepulciano ni jina la zabibu, isiyo na undugu na Sangiovese, na nchi yake ni Abruzzo, upande wa bahari ya Adriatiki, ambako sheria inataka iwe walau asilimia 85 ya chupa. Zabibu yenye jina la mji siyo zabibu ya mvinyo wa mji. Nilitumwa sokoni kununua bata bukini, nikapanda meli kwenda Madagaska.

Na ukishaijua hiyo "di", lebo nyingi za Italia zinafunguka zenyewe. Barbera d'Asti, Moscato d'Asti, Nebbiolo d'Alba: zabibu kwanza, mahali baadaye. Barolo na Barbaresco hutaja mahali tu. Zabibu ni Nebbiolo, lakini hawaiandiki kwa majina makubwa kwa sababu wanaona ni aibu yako usipoijua. Mtego uko Montalcino: Brunello di Montalcino, ukiisoma kwa kanuni yangu, Brunello ni zabibu, na kweli ni zabibu, ila ni yule yule Sangiovese kwa jina lingine. Kule Scansano anaitwa Morellino. Mtu mmoja, vitambulisho vitatu, na kila mji unaapa kwamba ni mtoto wake.

Ukanda wa shingoni niliokuwa nikijivunia ni wa DOCG, ngazi ya juu kati ya zile ambazo sheria ya Italia hupangia mvinyo. Ngazi ya DOC iliwekwa na sheria ya mwaka 1963, na wa kwanza kupewa ulikuwa mvinyo mweupe, Vernaccia di San Gimignano, 1966. DOCG zilianza 1980, na Nobile ulikuwa miongoni mwa za mwanzo pamoja na Barolo na Brunello. Chini ya hizo kuna IGT, iliyokuja 1992, halafu mvinyo mtupu usio na ukoo. Lakini msije mkadhani ukanda unaapa kwamba mvinyo ni mtamu. Unaapa kwamba zabibu ni zile, mahali ni pale, muda umekaa, na jopo limeuonja. Sassicaia ya Bolgheri iliuzwa miaka mingi kama mvinyo wa mezani, ngazi ya chini kabisa, kwa kuwa zabibu zake za Kifaransa hazikuwa kwenye kanuni za kule. Matajiri waliipigania hivyo hivyo, na DOC ikaja kuipata 1994.

Nilimweleza Signora jambo hilo la Sassicaia kama utetezi. Hakuupokea.

Alimtuma muosha vyombo supamaketi. Dakika 15 kijana akarudi na chupa 30 za Montepulciano d'Abruzzo, euro 3.99 kila moja. Supamaketi ile naiona kutoka dirisha la choo cha wafanyakazi.

Ikabaki kesi ya zile 12. Kumwekea mzee wa Abruzzo chupa ya Toskana usoni ni ugomvi, kwa hiyo Signora akaamua zimiminwe kwenye majagi ya udongo, ziende meza ya wazee, na kila mtu afunge mdomo. Mpango ungefaulu kama babu ya mtoto asingekuwa na macho. Nilimmiminia mwenyewe, mikono inanuka mkaa. Hakunusa wala hakuonja. Aliinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe cha meza, akaitazama. Kingo zilikuwa nyekundu ya tofali, na katikati ungeweza kusoma gazeti. Kisha akavuta glasi ya mjukuu wake mwingine, mtu mzima, ile ya supamaketi, akaiinamisha kando ya yangu: zambarau nzito kama wino wa karani, kidole chake upande wa pili hakionekani. Zabibu ya Montepulciano ina rangi nyingi gandani, hata Cerasuolo, ule wa waridi wa kwao, hukolea ingawa maji yake hukaa na maganda kwa muda mfupi tu. Sangiovese haina wino huo hata uikamue kwa jeki.

"Huu," akasema akigonga glasi ya euro 3.99, "ni wa nyumbani." Akagonga ile ya euro 16. "Na huu ni nani?"

Meza nzima ikanigeukia. Nikasema ni mgeni amepotea njia.

Alionja. Akakunja uso kwa ukali wake, akaonja tena, akachukua mshikaki, akaonja tena. Watoskana, akatangaza, hawajui kutengeneza mvinyo. Kisha akavuta jagi karibu, akalizungushia mkono kama mtu anayelinda sahani yake, na hakuna mwingine wa meza ile aliyepata tone. Nilijaza jagi hilo mara tatu. Alipoondoka alinibana shavu akaniachia euro 20, kwa ajili ya mishikaki, alisema.

Wiki iliyofuata Signora akanisimamisha mlangoni. "Prosecco, chupa 6, ya kukaribishia wageni. Uwe mkavu." Huo ni mvinyo wa mapovu, na mvinyo mkavu ni ule usio na utamu wa sukari.

Mimi siumwi na nyoka yule yule mara mbili. Nikatoa simu kuuliza kama hilo ni zabibu au mahali, na simu ikanipa kijiji: Prosecco, kando ya Trieste, zaidi ya kilomita 600. Na sheria iko upande wa simu. Zamani Prosecco lilikuwa jina la zabibu. Mwaka 2009, ili nchi nyingine zisilichukue, zabibu ikarudishiwa jina Glera na Prosecco likawa jina la mahali, eneo pana lenye kile kijiji ndani yake. Nilikuwa nimeshauliza kama nitalipwa malazi ya njiani aliponinyang'anya simu.

"Supamaketi. Rafu ya tatu. Karibu na maziwa."

Rafuni kulikuwa na aina tatu: Brut, Extra Dry na Dry. Kiingereza nimekisoma Malindi tangu darasa la kwanza, mkavu ni mkavu. Nikachukua sita za Dry, nikarudi kifua mbele.

Signora alifungua moja, akapiga funda, akaiweka chini. Akamwita muosha vyombo naye aonje. Wakatazamana. Ndipo nilipojulishwa kwamba Brut haizidi gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Dry hufika 17, na Dry huanzia hapo kwenda 32.

"Nani ametia sharubati humu?" akauliza muosha vyombo.

Signora akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa funguo za gari.